Tabo katika Starlet ya baba

Kijana wa Changamwe aniuliza: Starlet kuukuu aliyoachiwa na babake, aifunge tabo? Fundi kamwambia ni kazi ya siku mbili. Na gari ni hilo hilo mamake hubebea mboga kutoka soko la Kongowea.

Ngoja kwanza, mwanangu. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini, nayo husukumiza hewa ndani ya silinda. Injini yako, 4E-FE, tayari hubana hewa mara 9.6. Ukiizidishia ovyo, petroli hulipuka kabla ya wakati na pistoni hutoboka. Toyota wenyewe walipotaka tabo waliunda 4E-FTE: lita 1.3 zile zile, mbano ukashushwa hadi 8.2, nguvu za farasi 135. Tafuta hiyo, nzima, pamoja na kompyuta na nyaya zake. Fundi wa siku mbili, mwamkueni tu mpite!

Lakini breki kwanza, kisha rejeta. Joto letu mwalijua. Namba ya injini ikibadilika, usajili na bima navyo virekebishwe. Na ukitoka Ukunda mbio, ufikapo foleni ya feri Likoni usizime injini papo hapo. Iache ingurume dakika moja hivi, ama oili itaungulia ndani ya tabo.