Mgeni wa Mwalimu

Wapo miongoni mwetu walimu waliotoka ng'ambo, wanaosomesha watoto wetu na kuishi mitaani mwetu. Mmoja wao akitembelewa na rafiki yake, mgeni huyo huwa wa mtaa mzima: jirani huyu huleta bakuli la urojo, yule mkate wa kumimina. Katika hilo wananchi hawahitaji kufunzwa na mtu.

Wakubwa ndio tunao la kuwaambia. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni kutoka nchi za nje aingiapo Zanzibar hutakiwa awe amelipa dola 44 za bima, nayo humlinda hadi siku 92. Hatuipingi, mtu akivunjika mguu Nungwi, matibabu hayalipwi kwa maneno matamu. Kinachotukera ni mwalimu kuzungushwa dirisha hili hadi lile akiuliza rafiki yake anatakiwa nini, ilhali nauli imekwishalipwa. Maofisa wa uhamiaji na masheha wapewe maelezo ya namna moja, yaandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, na yabandikwe katika kila skuli yenye mwalimu mgeni kabla ya muhula ujao kuanza.