Mlango wa Sherlock haupo Baker Street

Mzazi, kama kijana wako ni mpenzi wa tamthilia ya Sherlock na mmebahatika kufika London, msiishie Baker Street. Mlango unaouona kwenye runinga uko North Gower Street, namba 187, jirani na mgahawa wa Speedy's. Ni vituo viwili tu vya treni, hadi Euston Square. Nendeni kwa miguu, mzungumze njiani.

Kisha pandeni basi hadi hospitali ya St Bartholomew's, iliyoanzishwa mwaka 1123, ambako Sherlock aliigiza kifo chake kutoka paani. Hapo punguzeni sauti. Ninyi mnatafuta paa. Ndani kuna mgonjwa wa moyo anayesubiri majibu. Mwambie mwanao: picha moja yatosha.