Dakika moja kwa wafu wetu, saa mbili kwa shefu



Mwaka 2023 majira ya kongre ilifika. Toka tarehe 9 Septemba CENI ilipokea makaratasi ya wale waliotaka uraisi, na mlango ulifungwa tarehe 8 Oktoba. Majira kama ile, ile siku umeme uko, ukifungua televizyo unakuta sala imejaa vikwembe vipya na kepi mpya, na mtu mmoja anaingia na saa tatu za kuchelewa huku fanfare inapiga. Njo kongre hiyo. Wengine wanaiita konvansyo, wengine konklave. Tumefwata nyingi, kwa televizyo, kwa radio, kwa telefone za marafiki wenye megabaiti, na leo tunataka kusema vile tuliona, bila kupaka sukari.

Mpangilio wenyewe hauna siri. Wimbo wa taifa. Maombi ya padri, ya pasta na ya imamu. Kisha mwenye mikrofoni anasema: "Tusimame, tunyamaze dakika moja kwa ajili ya wandugu zetu wa Mashariki." Sisi wa Mashariki tuko tunaangalia saa. Hiyo dakika haifiki dakika. Kwa sekunde makumi tatu ao makumi ine mtu anakohoa, mwenye mikrofoni anasema aksanti, na muziki inarudi. Watu wa Beni, wa Ituri, wa Rutshuru wamekwisha kuhesabiwa. Halafu zinakuja mosyo za kuunga mkono: ya vijana, ya ba mama, ya kila provensi, kila moja na karatasi yake, na karatasi zote zinasema neno lile lile. Shefu ni mwangaza, shefu ni baba, shefu pekee njo anaweza. Ukijumlisha, saa mbili zimepita na hakuna mtu amesema bado kitu kimoja juu ya bei ya unga.

Kisha wanauliza: "Munakubali?" Sala yote inaitika, watu wanasimama, imekwisha. Hiyo wanaita kuchagua kwa shangwe. Tunajua si vyama vyote viko vile. Kwa mfano UDPS, mwezi wa Machi 2018, baada ya kifo cha mzee Étienne Tshisekedi, wajumbe walipiga kura kweli ili kumpata raisi wa chama. Ni jambo la kusemwa. Lakini mara ngapi umeona shefu wa chama cha Congo anaingia katika kongre yake kama raisi na anatoka kama mwanachama wa kawaida? Tena vingi vina mtu anaitwa otorite morale, cheo ambacho hakiombewi kura, hakina mandati, hakina mwisho. Chama ni shamba lake, wajumbe ni wageni wake, ni yeye analipa sala, basi na sanduku za maji. Mtu anayekulipia tikiti ya ndege toka Goma mpaka Kinshasa, utamsimamia mbele ya kamera umwambie "hapana, mzee"?

Kawaida hii ni ya zamani kuliko sisi. MPR ilianzishwa mwaka 1967, na ikafika wakati ambapo kila Mzaire alihesabiwa mwanachama toka tumboni mwa mama yake. Wazazi wetu walicheza animasyo siku za kazi, kwa jua, ili shefu apite. Na wanakumbuka tarehe 24 Aprili 1990, pale N'Sele, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, akaomba watu waelewe msukosuko wa moyo wake, akapangusa machozi. Ile hotuba bado inazunguka kwenye telefone, na vijana waliozaliwa nyuma yake wanaiangalia na kusema: "Kumbe mzee alikuwa na roho." Sawa. Lakini waangalie pia kalenda. Tarehe 3 Mei, siku tisa baadaye, alirudi mbele ya bunge kueleza upya yale aliyosema, na ule mlango aliofungua akausukuma nusu. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, wanafunzi waliuawa katika kampus ya Lubumbashi. Kati ya machozi na damu haikupita wiki tatu. Tangu pale, kiongozi akilia kwenye mikrofoni, sisi tunaangalia kwanza polisi iko wapi.

Karibu na sisi zaidi, kuna mwaka 2018. Mwaka ule hotuba zilikuwa nyingi na tamu. Mwezi wa Julai MLC ilimchagua Jean-Pierre Bemba katika kongre kuwa mgombea, CENI ikamkataa. Tarehe 11 Novemba, viongozi saba wa upinzani walitia sahihi Geneva, wakamchagua Martin Fayulu awe mgombea mmoja wa wote. Waliapa mbele ya kamera. Kesho yake Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe waliondoa sahihi zao, wakisema msingi wa chama umekataa. Tarehe 23 Novemba, hao wawili walikuwa Nairobi, na mapatano mapya, na picha mpya, na tabasamu ile ile.

Hatuandike haya ili kumpigia debe mmoja wa wale saba. Kila mtu ana haki ya kubadirisha akili. Kitu kimoja tu kinatuchoma: lile neno "msingi", la base kama wanavyosema. Msingi ni sisi. Ni mama anayeuza sambaza Birere, ni motari, ni mwalimu. Msingi ukisema "barabara ya kwetu imekufa", hakuna anayesikia. Msingi ukisema "tunataka kujua makuta ya chama yanatoka wapi", unaitwa msaliti. Lakini siku shefu anatafuta njia ya kutoka ndani ya mapatano, gafla msingi una sauti, tena sauti ya radi, hata Geneva inasikika kwa usiku mmoja. Batu ya msingi tuko na bahati kweli.

Angalia meza ilipangwa namna gani baadaye. Machi 2023 Bemba aliwekwa waziri wa ulinzi, Kamerhe waziri wa uchumi, ndani ya serikali ya yule waliyeshindana naye, wakapatana naye, wakaachana, wakarudi. Fayulu na Moïse Katumbi walibaki upande mwingine. Ukichukua hotuba zao za 2018 ukafuta majina, hautajua nani alisema nini. Wote walisema utawala wa sheria. Wote walisema raia kwanza. Wote walisema Mashariki itapata amani. Hotuba inayoweza kuvaliwa na kila mtu ni kama koti ya kukodisha ya ndoa: inapendeza kwa picha, na siku ya kwanza ya juma inarudi dukani.

Mwaka 2023 kuna kitu kiliongezeka. Sheria ya uchaguzi ya 2022 inaomba chama kiwe na wagombea wa kutosha asilimia 60 ya viti vinavyoshindaniwa, la sivyo liste zake hazipokelewe. Kwa bunge la taifa lenye viti 500, hiyo ni wagombea 300. Nani ana wagombea 300 wa kweli? Kati ya vyama zaidi ya 900 vilivyoandikishwa, pengine vinahesabika kwa vidole. Njo maana makundi yamechipuka kama uyoga, na kongre nyingi zimekuwa soko ya majina. Kijana anaitwa, anapewa polo, anaambiwa "wewe sasa ni kandida wetu". Hajui programu. Hata aliyemwita hajui. Anajaza nafasi ili mkubwa wa liste apite. Tunawaambia wenzetu wenye umri wetu, kwa upole lakini wazi: kabla hujatoa jina lako, uliza liko linabeba nani mgongoni.

Na makuta. Mwaka 2023 mgombea wa uraisi aliweka kwa CENI franga milioni 160, na CENI hairudishe. Juu ya hizo kuna sala, ndege, vikwembe, masaa ya televizyo. Hatujasikia hata hotuba moja, ya walio madarakani wala ya upinzani, yenye kusema: "Kongre hii imegharimu kiasi fulani, na hawa njo walilipa." Mtu anayeomba kushika mfuko wa inchi anashindwa kuonyesha bili ya viti vya plastiki!

Tusiwe vipofu kwa upande mwingine. Kuna ahadi ilisemwa kwenye jukwaa na ikaonekana mtaani. Masomo ya bure ya shule ya msingi yameandikwa katika Katiba ya 2006, kifungu cha 43. Ilibaki karatasi mpaka Septemba 2019. Siku ilipoanza, tuliona watoto kwenye mlango wa shule. Tuliona pia darasa moja la watoto mia na zaidi, na walimu wapya wanaofundisha bila mshahara. Lakini angalau ni ahadi ambayo ilikuwa na mlango, na mzazi aliweza kwenda pale akagonga. Ahadi ya "kuleta amani Mashariki" mlango wake uko wapi? Nani atafanya, kwa batayo gani, kwa bajeti gani, mpaka tarehe gani? Utawala wa kijeshi wa dharura uliwekwa Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu tarehe 6 Mei 2021, kwa siku 30. Tumepita zaidi ya miaka miwili. Bunagana ilishikwa na M23 Juni 2022. Mwaka 2023, Kanyaruchinya watu walikuwa wanalala chini ya shiti, mvua ikiingia.

Hapa njo roho ya maneno yetu ya leo. Watu wa Masisi na wa Rutshuru hawakuandikishwa kama wapiga kura wa 2023, juu ya vita. Kwamouth pia. CENI iliandikisha karibu milioni 44 kwa inchi nzima, na hawa hawakuwemo. Lakini wamo ndani ya hotuba! Hakuna kongre bila Masisi. Hakuna shefu bila neno la uchungu juu ya Rutshuru. Mama wa Rutshuru aliyekimbilia Bulengo alililiwa na vyama vyote, na tarehe 20 Desemba 2023 hakuwa na kura ya kumpa hata kimoja. Tulishaona mambo hayo. Tarehe 30 Desemba 2018, Beni, Butembo na Yumbi waliondolewa kwenye siku ya kura, kwa sababu ya Ebola na usalama. Watu wa Beni walijipangia uchaguzi wao wenyewe, na mstari, na makaratasi, na sanduku, ili dunia ione kama wako hai. Walinawa mikono kwanza, wakapanga mstari. Hiyo siku hakuna shefu aliyewapa mikrofoni, na hawakuiomba.

Kuna tarehe ingine tunayopimia hotuba. Tarehe 30 Agosti 2023, hapa Goma, wanajeshi wa inchi yetu waliua zaidi ya watu 50 waliokuwa wanataka kuandamana. Hakuna haja ya dakika ya kunyamaza. Sisi tumenyamazishwa vya kutosha. Mgombea akifika Goma aseme: nani alitoa amri, na kama nikichaguliwa, kijana mwenye kubeba kartoni ataendelea kupelekwa mbele ya kortu ya kijeshi ao hapana? Ajibu kwa ndiyo ao kwa hapana. Kwa Kifaransa, kwa Lingala, hata kwa ile Kiswahili yao ya "Jambo sana Goma" halafu inaishia pale. Tutaelewa.

Kampeni ya 2023 ilifunguliwa tarehe 19 Novemba. Kwa kila kampeni tunaomba kila kartye ipate daftari moja, ile ya shule, yenye kurasa mia. Andikeni: siku, mahali, jina la mwenye kusema, alichoahidi, kiasi gani, mpaka lini. Kama hakusema kiasi wala tarehe, acheni nafasi wazi, musimjazie. Kama aligawa chumvi, vikwembe ao bia, andikeni pia, na idadi. Msikatae kwenda kusikiliza, na msitupe mawe. Mtu akija kusema mbele ya raia, raia amusikilize mpaka mwisho, kisha anyooshe mkono. Maswali matatu yanatosha: Nani alilipa mkutano huu? Ndani ya chama chako ulichaguliwa na nani, kwa kura ngapi? Watu wa Masisi watapiga kura lini?

Wale hawana kalamu waje kwetu, ziko.

Goma