Kitasa Kisicho na Ufunguo: Mambo ya Kupimwa Kabla ya Kununua

Mlango ni mlinzi wa kwanza wa nyumba, na kitasa ndicho silaha yake. Katika familia za askari na polisi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mwenye nyumba aghalabu hayupo. Yuko katika lindo la usiku, yuko kozini, au ametumwa mbali na nchi, kama walivyotumwa maelfu ya askari wa Uganda kwenda Somalia tangu mwaka 2007. Nyuma yake hubaki mama na watoto, na swali la nani ashike ufunguo si dogo. Ufunguo hupotea sokoni. Mtoto huusahau shuleni. Mtumishi aliyeacha kazi huondoka na nakala yake mfukoni. Na baba anaporudi saa kumi za usiku humlazimu kuamsha nyumba nzima ndipo afunguliwe.

Ndiyo maana familia nyingi zinazojenga nyumba zao nje ya kambi zimeanza kuulizia vitasa vya elektroniki, vile vinavyofunguliwa kwa namba ya siri, kwa alama ya kidole au kwa simu ya mkononi, na vinavyoweza kuunganishwa na taa, kengele na mitambo mingine ya nyumba. Chombo hiki ni chema kikichaguliwa kwa busara. Kikichaguliwa kwa kutazama urembo wake tu, mwenye nyumba aweza kujikuta ameongeza mlango wa pili kwa mwizi.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba kitasa ni chuma kabla ya kuwa elektroniki. Kitasa cha vipini, ambacho Linus Yale wa Marekani alikiandikishia hataza mwaka 1861, kinafuata wazo lililojulikana tangu vitasa vya mbao vya Misri ya kale: vipini huanguka na kuzuia komeo lisisogee, mpaka ufunguo uvinyanyue. Kitasa cha elektroniki hakikulibadili komeo hilo. Kimebadili tu mkono unaolisogeza, yaani badala ya vidole na ufunguo, mota ndogo hufanya kazi hiyo. Mwizi mwenye teke zuri hashughuliki na namba za siri. Huupiga mlango pale ambapo ulimi wa kitasa unaingia katika fremu, na ikiwa bati la hapo limeshikwa kwa skrubu mbili fupi, mlango hufunguka hata kama kitasa kimegharimu mshahara mzima. Basi fedha za kwanza zitumike kwenye fremu imara, bawaba nzuri, na skrubu ndefu zinazofika ukutani.

Baada ya hapo mlango wenyewe upimwe. Vitasa vingi vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani hutaka mlango wenye unene wa milimita 35 hadi 45, na tundu la upana wa milimita 54. Milango mingi ya Uganda ni ya chuma, iliyoungwa na fundi wa kuchomea, na kitasa chake kimo ndani ya kisanduku kilichochomelewa. Kitasa cha mlango wa mbao hakitakaa hapo bila mlango kukatwa upya. Tena chuma huzuia mawimbi ya redio, hivyo kitasa kinachosikika vizuri dukani chaweza kuwa kiziwi nyumbani. Aliye katika nyumba ya serikali asitoboe mlango kabla ya kupata idhini. Kuna aina inayofungwa upande wa ndani tu, ikiacha tundu la ufunguo wa nje kama lilivyo. Hiyo huondolewa bila kuacha alama siku ya uhamisho, na yamfaa zaidi mtu wa kambini.

Jambo linalofuata ni zito kuliko yote, nalo ni moto. Nyumba zetu zina nondo madirishani kwa ajili ya wezi. Nondo hizo hizo humzuia mtoto asitoke. Kwa hiyo mlango ndio njia pekee ya uhai, na hapana budi ufunguke kwa ndani kwa kuzungusha mkono mara moja, bila ufunguo, bila namba, bila simu na bila umeme. Kitasa kinachodai namba ili kumtoa mtu nje kisinunuliwe, hata kiwe rahisi namna gani. Vivyo hivyo, mzazi asidanganyike kwamba kwa kuwa sasa anaweza kuufunga mlango kwa simu akiwa kazini, basi aweza kuwafungia watoto ndani. Mtoto wa miaka mitano afundishwe kukizungusha kitasa hicho gizani, na ajaribiwe mbele ya mzazi hadi aweze.

Sasa yaja suala la mawasiliano, ambalo wauzaji wengi hulipita haraka. Ili kitasa kisemezane na mitambo mingine ya nyumba, sharti vyote vijue lugha moja ya redio. Wi-Fi huunganisha kitasa moja kwa moja na rauta, lakini hula betri upesi. Bluetooth hula kidogo, ila husikika karibu tu. Zigbee na Z-Wave hutumia betri kwa uangalifu, na kila kifaa kinachopata umeme wa ukutani husaidia kupeleka ujumbe kwa kingine. Ila lugha hizi zahitaji mtambo mkuu wa kuziongoza nyumbani. Hapo kuna mtego kwa wenye ndugu ughaibuni. Z-Wave ya Marekani hutumia masafa ya megahezi 908.42, na ile ya Ulaya 868.42. Kitasa kilicholetwa kama zawadi kutoka Chicago hakitazungumza na mtambo mkuu ulionunuliwa London, hata kama majina yaliyoandikwa juu ya maboksi ni yale yale. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 ilitolewa kanuni ya pamoja iitwayo Matter, iliyokubaliwa na makampuni mengi makubwa, na vitasa vimo ndani yake. Anayenunua leo atafute alama hiyo, ili asifungwe na kampuni moja tu.

Umeme nao hukatika. Vitasa vingi vya namna hii hutumia betri ndogo nne, nazo huweza kudumu miezi mingi kulingana na matumizi. Kwa hiyo umeme ukikatika rauta huzimika na simu haiwezi kukifikia kitasa kwa mbali, lakini vitufe vya namba vyaendelea kufanya kazi. Muuzaji aulizwe: betri zikiisha kabisa, mtu ataingia vipi? Majibu mema ni mawili. Ama kuna tundu la ufunguo wa kawaida, ama kuna mahali pa nje pa kugusisha betri ya volti 9 au kuchomeka waya wa kuchajia kwa dakika chache. Kama hakuna hata moja, kitasa hicho kirudishwe rafuni. Betri za kuchaji tena zisitumike pasipo ruhusa ya mtengenezaji, maana nyingi huonyesha kuwa zimejaa mpaka zinakaribia kuzima, na onyo huchelewa.

Kuhusu usalama wa siri, mifano miwili yatosha. Mwezi wa Agosti mwaka 2016, katika mkutano wa DEF CON huko Las Vegas, Anthony Rose na Ben Ramsey walieleza jinsi walivyovijaribu vitasa 16 vya Bluetooth. 12 kati yake walivifungua, na baadhi vilikuwa vikitangaza namba ya siri hewani waziwazi bila kuificha. Mwaka uliofuata, kampuni ya LockState ya Marekani ilituma programu mpya kwa njia ya intaneti, lakini kwa makosa ikaipeleka kwa aina isiyoihusu. Vitasa kiasi cha 500 vikapoteza uwezo wake, na wenyewe wakatakiwa kupeleka sehemu ya kitasa kiwandani au kungoja kingine. Funzo ni kwamba kitasa kipokee marekebisho kutoka kwa kampuni inayojulikana na inayoendelea kuyatoa, na kwamba ufunguo wa chuma uhifadhiwe kwa jirani mwaminifu au kwa ndugu, wala usiachwe chini ya zulia la mlangoni.

Namba yenyewe ichaguliwe kwa akili. Namba ya tarakimu 4 ina michanganyo 10,000, na ya tarakimu 6 ina 1,000,000. Lakini vitufe vinne vikichakaa kwa kubonyezwa kila siku, mwizi hujua tarakimu zenyewe, na michanganyo inayobaki ni 24 tu. Dawa yake ni kubadili namba mara kwa mara, kuvifuta vitufe, na kuchagua kitasa kinachojizuia baada ya majaribio kadhaa ya uongo. Namba ya jeshi, ya polisi au mwaka wa kuzaliwa isitumike. Alama ya kidole ni nyepesi kwa watu wazima, lakini kidole chenye unga, sabuni au vumbi la saruji hukataliwa mara nyingi, kwa hiyo isiwe njia pekee.

Kuunganisha kitasa na mitambo mingine kuna faida yake. Mama akibonyeza namba yake usiku, taa ya barazani huwaka. Ifikapo saa nne za usiku, mlango uliosahauliwa hujifunga. Mtoto akirudi kutoka shuleni na kutumia namba yake, mzazi hupata ujumbe kazini. Kanuni njema ni hii: mitambo iruhusiwe kufunga, lakini kufungua kufanywe na mtu. Mlango unaojifungua kwa sababu simu imekaribia, au kwa sauti inayoweza kupazwa dirishani, ni mlango usio na mlinzi.

Askari ana sababu nyingine ya kuwa macho. Kitasa huandika saa ya kila anayeingia, na mara nyingi maandishi hayo huhifadhiwa katika kompyuta za kampuni, pengine nchi za mbali. Mwenye kuyasoma ataijua zamu ya mwenye nyumba, na siku ambazo nyumba haina mtu. Uganda ina Sheria ya Kulinda Takwimu na Faragha ya mwaka 2019, lakini sheria huja baada ya kosa. Bora kuchagua kitasa kinachofanya kazi ndani ya nyumba bila kutegemea intaneti, na kuzima kila huduma isiyotumika.

La mwisho lahusu haki baina ya mume na mke. Chombo hiki humpa mshika namba kuu uwezo wa kuifuta namba ya mwingine. Mume aliye safarini asiitumie simu yake kumfungia mkewe nje, wala kuhesabu kila atokapo kana kwamba anakagua kambi. Tena mauti na ajali havipigi hodi. Namba kuu ikibaki katika simu ya marehemu, mjane na yatima hubaki wakiomba ruhusa ya kiwanda ili waingie katika nyumba yao. Kwa hiyo siku kitasa kinapofungwa, mke na mume wawe wenye nyumba kwa haki sawa katika programu, na namba kuu iandikwe kwenye karatasi, itiwe katika bahasha, na ihifadhiwe pamoja na hati ya kiwanja.

Mtumishi, fundi na mgeni kila mmoja apewe namba yake ya muda, ifutwe siku anapoondoka. Na kabla ya kulipa fedha, mnunuzi amtake muuzaji azitoe betri mbele yake, kisha aufungue mlango kwa nje na kwa ndani. Muuzaji akishindwa, fedha zirudi mfukoni, na kitasa cha zamani cha funguo kiendelee na lindo lake.