Picha ya Dikeç ilisomwa vibaya

Julai 30, 2024, katika uwanja wa kulenga shabaha wa Châteauroux nchini Ufaransa, Yusuf Dikeç wa Uturuki alisimama kwenye mstari wa fainali ya Olimpiki akiwa na fulana, miwani yake ya kila siku na vizibo vidogo masikioni. Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni. Alikuwa na umri wa miaka 51. Yeye na mwenzake, Şevval İlayda Tarhan, walifungwa na Serbia 16 kwa 14 katika bastola ya upepo ya timu mchanganyiko, wakaondoka na medali ya fedha.

Haukupita muda picha yake ikawa imezagaa kwenye simu za watu duniani kote, imebandikwa kando ya picha za washindani waliovaa lenzi za ajabu na vikinga vya jicho. Hukumu ikatoka papo hapo: vifaa vya bei mbaya ni mbwembwe, mwenye kipaji hana haja navyo.

Hukumu hiyo inapendeza, lakini inamdhulumu Dikeç mwenyewe. Askari huyo mstaafu wa jendamari alikuwa kwenye Olimpiki yake ya tano, baada ya kuanzia Beijing mwaka 2008. Bastola aliyoshika haikuwa ya kuokota. Ilikuwa ya mashindano kama za wenzake, na bastola za daraja hilo huuzwa kwa takriban euro 2,000. Alichoacha ni vile vya usoni tu. Kikinga humsaidia mlengaji asilazimike kufumba jicho moja na kukaza misuli ya uso. Kitundu kidogo kwenye lenzi hupunguza mwanga ili alama za kulengea zionekane kwa ukali zaidi. Dikeç hulenga macho yote mawili yakiwa wazi, na amejizoeza hivyo kwa miaka mingi, kwa hiyo kikinga hakina kazi kwake. Hata ule mkono wa mfukoni haukuwa maringo. Kanuni zinataka bastola ishikwe kwa mkono mmoja, na walengaji wengi huutuliza ule mwingine mfukoni au kiunoni ili mwili usiyumbe.

Kuna jambo jingine ambalo picha ile haikuweza kulionyesha. Laiti Dikeç angekuwa mlengaji wa bunduki, fulana ile ingemtoa mashindanoni mapema. Katika bastola ya upepo ya mita 10, duara la pointi kumi lina upana wa milimita 11.5. Katika bunduki ya upepo, kwa umbali huohuo, kumi ni nukta ya nusu milimita. Bunduki yenyewe inaruhusiwa kufikia uzito wa kilo 5.5, na mlengaji huishika akiwa amesimama, risasi baada ya risasi, hadi 60. Ndiyo maana huvaa jaketi gumu la turubai na ngozi linaloushikilia mgongo, suruali ya aina hiyo na viatu vya soli bapa. Wakaguzi hupima unene na ugumu wa mavazi hayo, kwa sababu kila mtu mchezoni anajua kwamba jaketi gumu zaidi huleta pointi zaidi. Hapa pesa inanunua matokeo, na kusema vinginevyo ni kumdanganya kijana anayetaka kuanza.

Lakini inanunua hadi kiwango fulani tu. Kwenye fainali kubwa kila mtu ana bunduki nzuri, na tofauti inabaki kwa binadamu. Mmarekani Matthew Emmons alishinda dhahabu ya bunduki kwa mkao wa kulala kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Siku mbili baadaye, katika bunduki ya mikao mitatu, alikuwa akiongoza hadi risasi ya mwisho. Akaipiga kwenye shabaha ya jirani yake, akapata sifuri, akaporomoka hadi nafasi ya nane. Miaka minne baadaye huko Beijing aliongoza tena, na risasi ya mwisho ikampa 4.4. Akamaliza wa nne. Hakuna duka linalouza dawa ya dakika kama hiyo.

Upande wa pili yupo Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria aliyekuwa hodari wa bastola kwa mkono wa kulia hadi guruneti lilipouharibu mwaka 1938. Alianza upya kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1948 akashinda dhahabu ya bastola ya kasi London, na mwaka 1952 akarudia Helsinki.

Luna Solomon, mkimbizi kutoka Eritrea, naye anastahili kutajwa. Alifundishwa nchini Uswisi na Niccolò Campriani, Mwitaliano mwenye dhahabu tatu za Olimpiki, akafika Olimpiki ya Tokyo na timu ya wakimbizi miaka michache tu baada ya kushika bunduki kwa mara ya kwanza. Alimaliza mkiani. Hakupungukiwa kocha, alipungukiwa miaka. Aliendelea na mazoezi, akarudi tena Olimpiki mwaka 2024.

Kwa klabu ya Nairobi, Arusha au Kampala yenye mfuko mwembamba, hesabu inaelekeza kwenye bastola kabla ya bunduki. Bastola mbili za mashindano, hata za mtumba, zinaweza kupokezanwa na kundi zima la wanafunzi. Jaketi hukatwa kwa vipimo vya mtu mmoja. Pesa inayobaki imlipe kocha anayekuja kila wiki, inunue risasi za kutosha na itengeneze taa za ukumbi. Mazoezi ya kufyatua bila risasi, ambayo hata mabingwa hawayaachi, hayaongezi gharama yoyote. Lenzi na vikinga vinunuliwe pale kocha atakapoona mwanafunzi fulani anafumba jicho na kuchoka kabla ya risasi ya thelathini.