Kusaini si kufika: Kwa nini kijana wa besiboli husota miaka kabla ya kuiona ligi kuu Marekani

Habari huwa inakuja hivi: kijana fulani amesaini mkataba na klabu ya ligi kuu ya besiboli Marekani, MLB. Picha inasambaa kwenye simu, kijana kavaa kofia ya klabu, anatabasamu. Kwa aliyezoea soka, maana yake ni moja tu: huyu ametoboa.

Kwenye besiboli mambo hayako hivyo. Siku ya kusaini ni siku ya kuanza kupanda ngazi, na wengi wanaoanza kuipanda hawafiki juu.

Kwa Afrika Mashariki hili si jambo la mbali tena. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasaini vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka uliofuata Pittsburgh Pirates ikamchukua Mganda mwingine, mrushaji David Matoma. Miaka kumi kabla ya Dodgers kuja, watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa wa kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Pennsylvania.

Sasa, baada ya kusaini, nini hufuata?

Ngazi ziko ngapi?

MLB ina klabu 30. Kila moja ina timu nne za ligi za chini, kuanzia Single-A, kisha High-A, Double-A, na juu kabisa Triple-A. Chini ya hizo kuna ligi za kambini huko Florida na Arizona, na ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika, ambako vijana wengi kutoka nje ya Marekani huanzia.

Timu hizi zina viwanja vyao, mashabiki wao na tiketi zao, nyingi zikiwa katika miji midogo. Lakini wachezaji si wao. Klabu ya juu ndiyo inayowalipa, na ndiyo inayoamua nani apande, nani ashuke na nani aachwe. Simu ikipigwa asubuhi, kijana anafunga begi, na kesho yake anaweza kuwa anacheza mji mwingine kabisa.

Hesabu yenyewe inatisha. Wakati wa msimu, klabu inaruhusiwa kuwa na wachezaji wasiozidi 165 wa ligi za chini ndani ya Marekani. Zidisha kwa klabu 30, unapata karibu watu 5,000. Timu ya ligi kuu ina nafasi 26 tu, yaani nafasi 780 kwa klabu zote. Na nafasi hizo hazijakaa wazi, tayari zina wenyewe.

Kwa nini wasipandishwe haraka?

Mpira unaorushwa kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji chini ya nusu sekunde. Kijana aliyekuwa akiwapiga warushaji wote wa kwao anakutana na mtu anayerusha kwa kasi hiyo, halafu kwa mkono uleule na mwendo uleule anarusha mpira mwingine unaopinda au kuzama. Macho hayafundishwi hilo darasani. Ni kusimama na gongo mara mia, mara mia tano, mara elfu.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lenye uzito zaidi. Hata mpigaji mzuri sana wa ligi kuu hushindwa karibu mara saba katika kila kumi. Kwa hiyo ukimwona kijana ameshindwa wiki nzima, huwezi kujua kama hana uwezo au ni wiki mbaya tu. Ili klabu ijue, lazima impe mechi nyingi.

Basi suala linageuka. Haliwi tena nani ana kipaji peke yake. Linakuwa nani atapewa muda wa kutosha kukionyesha.

Vijana wawili, njia mbili

Jackson Holliday alikuwa chaguo la kwanza kabisa katika uteuzi wa wachezaji chipukizi mwaka 2022. Baltimore Orioles ilimlipa zaidi ya dola milioni 8 ili asaini. Baba yake, Matt Holliday, alikuwa nyota wa ligi kuu. Mwaka 2023 pekee kijana huyo alipita ngazi zote nne, kutoka Single-A hadi Triple-A, na Aprili 2024 akaingia ligi kuu akiwa na miaka 20.

Akakwama. Katika mechi zake 10 za mwanzo alipata mapigo mawili tu katika majaribio 34. Klabu ikamrudisha Triple-A. Lakini hakuna aliyefikiri ndiyo basi tena. Mwisho wa Julai akaitwa upya, akarudi kwa kishindo. Klabu iliyoweka zaidi ya dola milioni 8 haivunjwi moyo na mechi 10.

Mpho Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alipita njia nyingine. Mama yake alifanya kazi katika klabu ya besiboli ya Randburg, Johannesburg, na wao waliishi hapohapo klabuni. Gift alikua akiwa na uwanja mlangoni pake. Mwaka 2008 Pirates ilimsaini kwa dola 15,000.

Akaanza kambini Florida mwaka 2009. Alipanda polepole, ngazi moja baada ya nyingine, na aliweza kukaa ngazi moja zaidi ya msimu mmoja. Ulinzi wake uwanjani ulisifiwa tangu mwanzo, ila gongo lake lilikuwa na mashaka. Mama yake alifariki mwaka 2013, mwanawe akiwa bado hajafika.

Aprili 26, 2017, akaitwa. Mechi ilikuwa dhidi ya Chicago Cubs, mabingwa wa msimu uliotangulia. Mara yake ya kwanza kusimama na gongo, akampiga Jon Lester, mmoja wa warushaji wakubwa wa kizazi chake, na kufika kituo cha kwanza salama. Akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu, zaidi ya miaka minane tangu asaini.

Lakini huko juu alicheza mechi 28 kwa Pirates mwaka huo, kisha mechi chache kwa Toronto Blue Jays mwaka 2018. Baada ya hapo hakurudi tena ligi kuu.

Je, pesa ndiyo huamua kila kitu?

La. Holliday alilipwa mamilioni kwa sababu kila klabu iliona kipaji chake. Na wako waliochukuliwa kwa bei ya chini wakapaa. Albert Pujols alikuwa chaguo la 402 mwaka 1999, akatumikia ligi za chini msimu mmoja tu, na mwaka 2001 akawa mchezaji bora chipukizi wa ligi yake.

Tofauti ni kwamba Pujols alilazimika kupiga vizuri mara moja. Mchezaji wa bei ndogo hana akiba ya makosa. Akianguka, kuna mwingine nyuma yake aliyegharimu kiasi hichohicho. Ngoepe alivumiliwa kwa sababu alikuwa na kitu kimoja adimu, ulinzi wa kiwango cha ligi kuu. Bila hicho, huenda safari ingeishia Single-A na hakuna ambaye angelijua jina lake.

Maisha ya kusubiri

Kwa miaka mingi kusubiri huko kulikuwa ni njaa. Kabla ya 2023, mshahara wa chini wa mchezaji wa Single-A ulikuwa kama dola 11,000 kwa mwaka. Wachezaji walirundikana chumba kimoja, wengine wakilala kwenye magodoro ya kujaza upepo, na msimu ukiisha wakatafuta vibarua.

Hapo mabadiliko yamekuja, na hayakuja kwa huruma. Wachezaji walikwenda mahakamani kudai malipo, na mwaka 2022 MLB ikakubali kulipa dola milioni 185 kumaliza kesi hiyo. Mwaka huohuo klabu zikatakiwa kuwapa wengi wao makazi. Kisha wakajiunga na chama cha wachezaji wa ligi kuu, na Machi 2023 wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja. Mshahara wa chini wa Single-A ukapanda hadi dola 26,200, na wa Triple-A dola 35,800.

Linganisha na ligi kuu, ambako kima cha chini mwaka huo kilikuwa dola 720,000. Kati ya Triple-A na ligi kuu kuna hatua moja, lakini mshahara unaruka mara 20.

Na mkataba huo haukuwagusa wanaocheza ligi ya Jamhuri ya Dominika. Yaani kijana wa kigeni anayeanzia huko bado yuko nje ya mlango ambao wenzake wameshaufungua.

Ukisikia "amesaini", uliza nini?

Uliza mambo matatu. Kwanza, amelipwa kiasi gani, kwa sababu hicho kinaonyesha klabu itamvumilia kwa muda gani. Pili, anaanzia ngazi ipi. Tatu, ana umri gani. Kijana wa miaka 20 aliyeko Double-A yuko mbele ya wenzake. Wa miaka 25 aliyeko hapohapo, saa inamkimbia.

Baada ya hapo angalia kama anapata mechi. Kijana anayepangwa kila siku, hata akikosea, bado klabu inamtaka. Anayekaa benchi wiki baada ya wiki anajua jibu kabla hajaambiwa.

Kwa vijana wa Uganda, jina la Ngoepe limeshaonyesha kwamba mlango upo. Limeonyesha pia kwamba unaweza kuchukua zaidi ya miaka minane kuufikia. Familia inayoshangilia picha ya kusaini ina haki ya kushangilia, ila isianze kuhesabu mamilioni. Kijana ndiyo kwanza ameanza kazi.