Mgeni Njoo, Fundi Akae Nyumbani

Jumapili iliyopita, katika kanisa moja la mabati hapa Langas, Eldoret, pasta aliwasimamisha mbele ya madhabahu vijana kumi na wawili kutoka Marekani, wote wamevaa tisheti za rangi moja, kisha akatugeukia sisi wenyeji. Akatuambia tuwaone hawa walioacha starehe zao, wakajilipia nauli, wakaja kututumikia bure, ilhali vijana wa Langas hata kufagia kanisa wanataka walipwe. Akamalizia na mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wakapiga makofi. Jirani yangu wa benchi, fundi wa rangi ambaye hajaona kibarua tangu Mei, hakupiga.

Bure? Nauli ya ndege kutoka Chicago hadi Eldoret na kurudi, hata ukiikadiria kwa dola 1,500 tu, inapita shilingi 190,000. Fundi wa rangi mtaani hapa, siku ikimwendea vizuri, hupata kama 1,200. Yaani nauli ya kijana mmoja ingemlipa fundi huyu kwa zaidi ya siku 150, na nauli za wote kumi na wawili zinapita milioni mbili. Kwa milioni mbili unapaka rangi kanisa, shule na choo cha soko, na bado unabaki na pesa za saruji. Sisi tukapata nini? Ukuta mmoja wa makao ya watoto, tena upande unaotazama barabara.

Na huo ukuta wenyewe! Wageni hawa huja Juni na Julai kwa sababu ndipo shule zao zimefungwa. Aliyelala Eldoret walau usiku mmoja wa Julai anaijua mvua yetu. "Nani hupaka ukuta wa nje Julai?" fundi aliniuliza tulipotoka kanisani, na sikuwa na jibu. Hawakukwangua rangi kuukuu. Hawakupiga andakoti. Plasta ilikuwa bado imelowa. Kufikia Septemba rangi itakuwa inabanduka vipande vipande, na mwakani litakuja kundi jingine lipake juu ya hiyo hiyo, lipigwe picha, lirudi kwao. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema siku ya kwanza umnyang'anye fundi wako brashi umpe mgeni.

Nikiyasema haya, watu huniambia: lakini watoto wanafurahi! Naam, wanafurahi. Watoto wa Langas hufurahi hata wakiona greda la kaunti, na wana sababu, kwa kuwa hulioni mpaka uchaguzi ukaribie. Eldoret ilitangazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, Rais akakabidhi hati, tukacheza. Matope ya Kisumu Ndogo, hapa hapa Langas, hayajapata habari hizo. Ikiwa furaha ya mtoto ndiyo kipimo cha maendeleo, basi tumlete mwenye farasi wa kukodisha tumalize.

Kuhusu watoto hao nina neno jingine, na hapa sitanii. Serikali ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia, kwa sababu wengi walio katika makao hayo wana mzazi au shangazi aliye hai ambaye ameshindwa na karo na unga tu. Lakini mgeni hapandi ndege kuja kumtembelea shangazi. Huja makao, na makao huhitaji watoto wa kuonyeshwa. Gregory Dow, aliyejiita mmishonari, alifungua makao huko Boito, Bomet, mwaka 2008. Alikuwa ameshapatikana na hatia ya kosa la kingono kwao Marekani, huko Iowa, tangu 1996. Ni nani aliyemwuliza? Mwaka 2021 mahakama ya Marekani ilimfunga zaidi ya miaka 15 kwa kuwadhulumu kingono wasichana aliopaswa kuwalea. Hawa kumi na wawili huenda ni malaika watupu. Ila kijana wa Langas akiomba kazi ya kulinda geti huambiwa akalipie shilingi 1,050 alete cheti cha nidhamu kutoka kwa polisi. Hawa walionyesha tisheti.

Wenzetu Walakota, wenyeji wa asili wa Marekani walioko Pine Ridge, kule South Dakota, wanalijua jambo hili kutuzidi. Kila kiangazi mabasi ya vijana wa makanisa huwafikia na ndoo za rangi zile zile. Julai 2022, baada ya mmishonari mmoja kusambaza kijikaratasi kilichotusi imani yao ya jadi, baraza lao, la kabila la Oglala Sioux, lilisimamisha kwa muda kazi zote za wamishonari na kuagiza kila kanisa na kila kikundi cha misheni kijisajili. Na hawa ndio watu ambao, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua mwaka 1980 kwamba walinyang'anywa milima yao ya Black Hills isivyo haki, wakatengewa fidia ya zaidi ya dola milioni 100, walikataa kuichukua. Walitaka milima. Sisi hatujaweza kukataa hata ndoo ya rangi.

Halafu kuna vijana wetu wanaotaka kusafiri. Katika kaunti hii hii ya Uasin Gishu wazazi waliuza mashamba na ng'ombe ili watoto wao wakasome Finland na Canada kupitia mpango wa kaunti. Wengi hawakuvuka hata geti la uwanja wa ndege, na mwaka 2023 familia zikawa barabarani zinadai pesa zao. Wao walikuwa wamelipa, walikuwa na barua za vyuo, na akili. Nenda leo kwenye ubalozi wa Marekani useme unataka wiki mbili Iowa ukawapakie wazee wa kule rangi nyumba zao, uone kama karani atakuita baraka.

Pasta, nakushauri uandike barua. Waambie hao marafiki zako kwamba mwakani Langas inaomba nauli tu, wenyewe wapumzike nyumbani, na picha za ukuta watatumiwa kwa simu. Andika na mwezi: Januari, wakati wa jua. Pesa zikiingia nipigie, nitakuletea mafundi wanne kabla ya saa mbili asubuhi, na andakoti yao.